Fahamu: Mnara mpya unavyokaa na majirani wakongwe
Mnara wa makazi katika mtaa wa kihistoria hupimwa kwa namna unavyokutana na barabara kabla ya kupimwa kwa urefu wake. Jengo la 15 Central Park West jijini New York, lililobuniwa na ofisi ya Robert A. M. Stern na kukamilika mwaka 2008, liligawanywa sehemu mbili: upande wa bustani ya Central Park likawekwa jengo fupi lenye kimo cha kuwiana na majirani wa zamani, na mnara wenyewe ukasogezwa nyuma, upande wa barabara ya Broadway. Kuta zilivikwa jiwe la chokaa la Indiana, huku ghorofa za juu zikiingizwa ndani ya ukingo wa zile za chini, mbinu iliyotokana na kanuni za ujenzi za jiji hilo za mwaka 1916 zilizokusudia mwanga na hewa vifike barabarani. Kuliita jengo hilo mwigo wa majengo ya zamani si kosa, ila mwigo huo unajua kipimo.