Je, Wajua? Baraza la Jiji likienda mapumziko, siku huhesabiwaje?

Kila Julai, Baraza la Jiji la Washington, D.C., hufunga vikao na wajumbe wake 13 hutawanyika. Wanaobaki kukuna vichwa ni makarani na wanasheria, kwa sababu kila uteuzi, mkataba na muswada ulioachwa mezani una siku zake za ukomo.

Je, wajua kwamba mapumziko hayo yameandikwa? Yamo ndani ya kanuni za Baraza: Julai 15 hadi Septemba 15. Ukihesabu siku ya kwanza na ya mwisho, ni siku 63.

Je, wajua kwamba kanuni zenyewe hazina umri mrefu? Kipindi cha Baraza ni miaka 2. Kikianza kipindi kipya, Januari ya mwaka wa namba witiri, wajumbe hupitisha kanuni upya, na hapo wanaweza kurekebisha chochote, yakiwemo mapumziko.

Je, wajua kwamba kubadili kanuni ni kazi nyepesi kuliko kutunga sheria? Muswada wa kawaida husomwa mara 2, na kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili zipite siku zisizopungua 13. Kisha huenda kwa meya, halafu kwenye Bunge la Marekani. Kanuni hupitishwa kwa azimio, na azimio halina safari hiyo: likipigiwa kura likapita, limepita.

Je, wajua kwamba meya akipendekeza mkuu wa idara, Baraza lina siku 90 za kumjadili, na siku za mapumziko hazimo? Piga hesabu. Jina likifika Juni 15, siku 30 zinakatika Julai 14, kesho yake hesabu inasimama. Inaanza tena Septemba 16 na kumalizika Novemba 14. Bila mapumziko ingemalizika Septemba 12.

Je, wajua kwamba kimya cha Baraza kina maana mbili? Siku 90 za mkuu wa idara zikiisha bila kura, jina limekataliwa. Lakini zipo bodi na tume ambazo majina yake hupewa siku 45, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili, sikukuu wala mapumziko. Hizo zikiisha kimya kimya, jina limekubaliwa. Karani akikosea kuhesabu, mtu anaweza kupata kiti au kukikosa.

Je, wajua kwamba sheria ya dharura haijui mapumziko? Husomwa mara moja tu, lakini inahitaji kura 9 kati ya 13, nayo huishi siku zisizozidi 90. Ikianza kutumika Julai 14, inakufa Oktoba 12, Baraza likiwa limekwisha kurudi kazini. Haishangazi basi kwamba mikutano ya mwisho kabla ya kufunga hujaa miswada ya dharura.

Je, wajua kwamba sheria ya dharura mara nyingi hufuatana na ndugu yake, sheria ya muda? Hiyo huishi siku 225, ila lazima ipite Bunge la Marekani kwanza. Ya dharura haipiti huko, kwa hiyo ndiyo inayoziba pengo.

Je, wajua kwamba hata Bunge la Marekani lina hesabu yake ya mapumziko? Sheria ya mwaka 1973 iliyolipatia jiji mamlaka ya kujitawala inalipatia Bunge siku 30 za kupitia sheria za jiji, na siku 60 kwa sheria za jinai. Wikiendi na sikukuu hazihesabiwi, wala siku ambazo mabunge yote mawili yameahirisha vikao kwa zaidi ya siku 3. Muswada uliopelekwa kabla ya mapumziko ya Agosti unaweza kusubiri miezi, ingawa karatasi inasema siku 30.

Je, wajua kwamba siku 10 za kazi alizo nazo meya za kusaini au kukataa muswada huanza pale unapomfikia, si pale unapopitishwa? Julai 10, 2013, Baraza lilipitisha, kwa kura 8 dhidi ya 5, muswada wa kuyalazimisha maduka makubwa kulipa angalau dola 12.50 kwa saa. Kisha likaja joto la mapumziko, muswada ukiwa bado haujamfikia meya. Meya Vincent Gray aliukataa Septemba 12. Septemba 17 wajumbe walikuwa wamerudi vitini wakajaribu kuipindua kura yake ya turufu: 7 kwa 6. Zilihitajika 9.

Je, wajua kwamba tume za ushauri za mitaa zinatakiwa kukutana mara zisizopungua 9 kwa mwaka? Zinabaki nafasi 3 za kupumzika, na nyingi huitumia moja mwezi Agosti. Mwananchi anayetaka kuipelekea tume yake lalamiko la baa ya jirani avute subira.

Na hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Sheria ya uteuzi inasema tu kwamba siku za mapumziko ya Baraza hazihesabiwi, haitaji tarehe. Tarehe zimo ndani ya kanuni, na kanuni ni mali ya Baraza lenyewe. Kwa hiyo wajumbe wakisogeza mapumziko kwa wiki moja kupitia azimio, wameongeza au kupunguza siku ambazo jina la mteule wa meya linakaa mezani, bila kugusa neno hata moja la sheria. Ukitaka kujua nani ana nguvu katika jiji hilo, usiishie kusoma sheria zake. Soma pia kalenda ya Baraza.