Makabila ya Tanga: Mlima, Bonde na Nyika (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizunguka pwani, kwa Wadigo na Wasegeju. Leo tuipe bahari kisogo, tupande.

Ukitoka Tanga mjini kwenda Korogwe unapita Muheza, nchi ya Wabondei, watu wanaoitwa kwa bonde lao. Milimani Usambara ndiko Shambaai, kwenye baridi, mvua na migomba. Chini yake ni nyika, na kusini, upande wa Handeni, wako Wazigua. Lugha zao ni ndugu, na wasikilizaji makini husikizana bila mkalimani. Kwangu mimi, Msambaa na Mbondei yalikuwa majina ya ardhi kabla hayajawa majina ya damu.

Hata hivyo, ndugu hawa waliwahi kugombana. Ugomvi huo ulitoka wapi? Ulitoka kwenye utawala. Wakilindi walikuwa ukoo wa kifalme wa Usambara, wazao wa Mbegha aliyetoka Unguu, na kiti chao kilikuwa Vuga. Mwaka 1862 mfalme wao Kimweri ye Nyumbai alifariki, na nyumba ikapasuka. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, kando ya njia ya misafara, akakusanya bunduki na kumpiga vita Shekulwavu, mtoto wa nduguye, aliyerithi kiti. Katika vita hivyo raia walikamatwa na kuuzwa utumwani, wengine na machifu wao wenyewe. Wabondei, waliokuwa nao chini ya Wakilindi, wakainuka, wakawaua watawala hao na kuwafukuza. Maasi hayo yanaitwa Kiva, na atakaye undani wake asome *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi. Wako wanaoieleza Kiva kuwa vita vya Wabondei na Wasambaa. Wanakosea. Ilikuwa hasira ya raia kwa watawala waliowageuza bidhaa.

Kisha ukaja mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mashamba yalimeza ardhi ya Muheza na Korogwe, yakaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali: Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde. Wengi hawakurudi kwao.

Leo Wabondei, Wasambaa na Wazigua wana jina moja la udugu, Boshazi, lililofumwa kwa silabi za makabila yao matatu. Nalipenda jina hilo. Ila mjukuu wa manamba hana silabi yake humo. Ardhi ikigombaniwa kijijini, ndipo huitwa mtu wa kuja, hata kama kaburi la babu yake liko hatua chache kutoka pale waliposimama.