Mkutano wa madaktari ufanyike Turiani

Mikutano ya madaktari hapa nchini ina mpangilio ambao haubadiliki sana. Asubuhi, watu wakiwa macho, ni moyo, figo na saratani. Fedha, bima na uendeshaji wa vituo huwekwa alasiri, baada ya pilau, ukumbi ukiwa nusu na wengine tayari wanaulizia vyeti vyao. Alama za kujiendeleza kitaaluma, ambazo Baraza la Madaktari Tanganyika huzidai ili kuhuisha leseni, hupatikana hata kwa kusinzia.

Tatizo ni kwamba daktari kijana akipangiwa kituo cha afya na kuwa mganga mfawidhi, alasiri hiyo ndiyo itakayomkabili Jumatatu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hazipitii tena mikononi mwa halmashauri. Ni uamuzi mzuri. Lakini sahihi inayotoa fedha benki sasa ni ya mtu ambaye chuoni alifundishwa kusikiliza mapafu, si kusoma taarifa ya mapato na matumizi.

Tuangalie dai moja la bima. Mtoto ameletwa na homa, amepimwa, ana malaria, ametibiwa, amepona. Kitabibu kazi imekwisha. Kwa upande wa bima ndiyo kwanza inaanza. Fomu inataka namba ya kadi, utambuzi wa ugonjwa, vipimo, dawa na dozi zake, na sahihi ya mtoa huduma. Daktari ameandika malaria ya kawaida, kumbe chini yake zimeorodheshwa sindano za artesunate, ambazo ni za malaria kali. Huenda mtoto alikuwa anatapika na kudegedega, na sindano ilikuwa sahihi kabisa. Mhakiki hakumwona mtoto, ameona karatasi. Anakata malipo. Makato ya namna hiyo yakijirudia mwezi mzima, duka la dawa linaanza kuonyesha rafu tupu, na mgonjwa anayefuata anaambiwa akanunue nje.

Sera nayo hubisha hodi bila miadi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao tarehe 1 Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kupokea kadi zake, zikisema bei mpya haziendani na gharama. Wenye kadi walibaki getini. Ubishi ule ulihusu gharama halisi ya huduma moja, na daktari asiyeijua gharama ya huduma anayoitoa hana la kuchangia zaidi ya kulalamika.

Sasa kwa nini mkutano ufanyike Turiani, mkoani Morogoro? Kwa sababu Morogoro ndiko ilikoonekana kwamba hesabu zikipangwa vizuri watoto hawafi ovyo. Kabla Mvomero haijawa wilaya, Turiani ilikuwa sehemu ya Morogoro Vijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wilaya hiyo, pamoja na Rufiji, iliingizwa katika mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha Canada, IDRC. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na alikuwa na dalili gani, maana wengi walifia nyumbani bila kuonwa na daktari. Kisha majibu yakawekwa kando ya bajeti.

Picha iliyotokea ilikuwa ya aibu. Malaria ilibeba kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilipewa asilimia 5 ya bajeti ya 1996. Kifua kikuu, kisichofika asilimia 4, kilipata asilimia 22. Hakuna aliyeiba. Fedha zilikuwa zimefuata mazoea na matakwa ya wafadhili, basi.

Timu za afya za wilaya zilipoiona picha hiyo zilihamisha fedha: vyandarua, dawa, na mafunzo ya kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya kikohozi peke yake au kuhara peke yake. Vituo vikubwa vilipewa jukumu la kusimamia zahanati za jirani, kwa pikipiki na redio za mawasiliano. Mradi ulikuwa tayari kuongeza dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya zikaweza kutumia takriban senti 80 tu. Vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Si haki kuupa mpango wa bajeti sifa yote, kwani mambo mengine nayo yalibadilika. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2004, ukizilinganisha wilaya hizo na jirani zake Kilombero na Ulanga, ulikuta tofauti ya vifo ya asilimia 13. Mimi ningeichukua hata hiyo 13. Ni dawa ngapi mpya zinazofikia hapo?

Turiani ya leo ina somo lake pia. Kuna hospitali ya misheni ya Bwagala, kuna kiwanda cha sukari cha Mtibwa, kuna wakulima wa miwa na mpunga ambao fedha huwajia kwa msimu. Kadi ya mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilipokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, haikuwa ghali baada ya mavuno. Februari, fedha zikiwa zimeisha, ilikuwa mlima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itafanikiwa au itakwama kwa mambo madogo ya aina hiyo. Na wataalamu hawako mbali: Chuo Kikuu Mzumbe, kinachofundisha usimamizi wa mifumo ya afya, kiko Mvomero hiyohiyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa Chama cha Madaktari Tanzania, kilichoanzishwa 1965, ni dogo. Mkutano mmoja ujao uacheni ukumbi wa hoteli, njooni Turiani na mhasibu mmoja kwa kila daktari. Mada ya saa tatu asubuhi iwe bajeti ya kituo kando ya orodha ya vifo. Figo zisubiri alasiri.