Kujihesabu Katika Aikido

Baadhi ya vijana wetu wametuuliza kuhusu aikido, mchezo wa kujihami ulioasisiwa Japani na Morihei Ueshiba (1883-1969). Mchezaji hukwepa shambulio, akaushika mkono wa mshambuliaji na kumwangusha kwa kuzifuata nguvu zake mwenyewe.

Mazoezini shambulio hupangwa kabla, na anayeshambulia hukubali kuanguka. Kukubali huko kuna sababu, kwani anayekakamaa anaweza kuteguka kiwiko. Lakini hapo hapo ndipo mtu anapojidanganya. Miaka inapita, kila mtu anaanguka mbele yake, naye anadhani ni ustadi, kumbe ni hisani ya wenzake!

Kenji Tomiki (1900-1979), aliyesoma kwa Ueshiba na pia kwa Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alianzisha mazoezi ambayo mwenzako anakupinga kwelikweli, na mashindano ambayo mmoja hushika kisu bandia. Ueshiba hakupenda mashindano, na hoja yake tunaielewa, kwa maana ushindani huleta kiburi. Lakini kisu kile hakina upendeleo. Hata hodari huguswa nacho, na mguso halali huhesabiwa.

Basi kijana anayejifunza amwombe mwenzake asianguke mpaka aangushwe kweli. Mwenzake akibaki amesimama, asimkasirikie. Ajiulize miguu yake ilikuwa wapi. Ama kisu cha kweli barabarani, sisi huwaambia wanafunzi wetu: mpeni simu, mkimbie.