Mshale Unaodanganya Chini ya Robo

Mshale wa mafuta kwenye dashibodi hauyajui mafuta. Kazi yake ni kusoma ukinzani wa umeme katika saketi moja ndogo inayoanzia nyuma ya usukani, ikapita chini ya zulia, ikazama ndani ya tangi, kisha ikarudi kwenye bodi ya gari kupitia ethi. Huko ndani ya tangi kuna sensa: boya lililofungwa kwenye mkono wa waya mgumu. Mafuta yakipanda boya nalo linapanda, mkono unazunguka, na vidole vyembamba vya chuma vinateleza juu ya kibati cha kauri kilichochorwa mistari ya wino wenye madini ya fedha. Vidole vinapogusa ndipo ukinzani unapopatikana, na dashibodi inautafsiri kuwa robo, nusu au tangi zima. Ni ufundi wa zamani, wa bei ndogo, na gari likiwa jipya hausumbui mtu.

Ila sisi magari mapya hatuyapati. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila lililopita umri huo linatozwa ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo Toyota IST au Premio inayoshuka bandarini Dar es Salaam mara nyingi imeshakula ujana wake Japani, na vidole vile vimeshateleza juu ya kibati kile mara zisizohesabika. Kisha gari hilo linaanza maisha ya pili, ambayo kwa sensa ya mafuta ni magumu kuliko ya kwanza.

Sababu ni jinsi tunavyonunua mafuta. Anayejaza tangi kila wiki anaitembeza sensa yake kibati kizima, juu hadi chini. Dereva wa Dar, hasa wa teksi za kuitwa kwa simu, anaingia sheli na kusema, "Weka ya kumi." Lita ikiwa shilingi 3,000, elfu kumi ni lita tatu na kidogo. Katika tangi la lita 45 hiyo haifiki hata moja ya kumi. Asubuhi mshale unanyanyuka kidogo, jioni umelala tena, kesho vilevile. Vidole vinaishi sehemu moja ya kibati, ile ya chini kabisa, na kila tuta la barabarani linavisugua papo hapo. Wino unakwanguka hapo na si kwingine. Ukikitoa kibati cha gari la namna hiyo utaona upande wa tangi lililojaa unang'aa kama umetoka dukani, na upande wa tangi tupu umechimbika mfereji mweusi.

Ndiyo maana geji nyingi mjini husema kweli kuanzia nusu kwenda juu na kubabaika chini ya robo. Mwenye fedha ya kujaza tangi anaweza asijue kabisa kuwa sensa yake imechakaa. Anayeijua ni yule wa elfu kumi, ambaye ndiye hasa anayehitaji kujua kama amebakiwa na lita nne au moja.

Na wa kwanza kulaumiwa ni mhudumu wa sheli. Umeweka mafuta, mshale haukunyanyuka, basi umeibiwa. Sikatai kwamba pampu za ujanja zimewahi kuwepo, na ndiyo kazi ya Wakala wa Vipimo kuzikagua na kuzibandika stika. Lakini kabla ya kugombana na kijana wa watu, jiulize kama mshale wenyewe unanyanyuka palepale unapotazamwa. Magari mengi ya sasa yamepangwa kusoma kwa uvivu makusudi, mshale usichezecheze mafuta yanapopigapiga kwenye kona. Ukiweka lita tatu huku swichi iko wazi, dashibodi inaweza kuchukua dakika kadhaa kukubali kwamba kuna kilichoongezeka. Zima gari, weka mafuta, kisha uwashe ndipo usome.

Sasa tuseme kosa lipo kweli. Hapa ndipo fundi anapotengana na mbadilishaji spea. Mbadilishaji anasikia "geji haisomi" na anakutuma Gerezani, kwenye maduka ya spea, kununua sensa, mara nyingine pampu nzima kwa kuwa vimeungana. Fundi anauliza kwanza: haisomi namna gani? Mshale uliolala moja kwa moja na haunyanyuki hata baada ya kujaza si sawa na unaorukaruka, na unaorukaruka si sawa na unaosoma pungufu kila siku kwa kiasi kilekile. Wa kurukaruka karibu siku zote ni kibati kilichochimbika. Wa kulala kabisa unaweza kuwa waya uliokatika, plagi iliyoota kutu ya kijani, au boya lililotoboka likanywa petroli na kuzama. Lichomoe, litikise sikioni, utasikia. Wa kusoma pungufu kwa kiasi kilekile, mimi ningeanza na ethi, na hapa niseme kidogo kwa sababu ndipo fedha nyingi za watu zinapopotea.

Chukua Toyota nyingi za zamani. Sensa zake hutoa kama omu 110 tangi likiwa tupu na omu tatu hivi likiwa limejaa. Ukinzani ukipanda, mshale unashuka. Sasa ile nati inayokaza waya wa ethi kwenye bodi ikishika kutu na kuongeza omu 30 zake, dashibodi haiwezi kujua kwamba hizo si za sensa. Inajumlisha zote, na mshale unakaa chini karibu robo nzima kuliko ukweli. Hata ukinunua sensa tatu mpya mshale utabaki palepale. Dalili mojawapo ni mshale kushtuka unapowasha taa au indiketa, kwa kuwa vyote vinagombea ethi moja. Dawa yake ni msasa, spana namba kumi na grisi kidogo.

Kuigawa saketi sehemu mbili hakuhitaji kompyuta. Kwenye magari mengi madogo unanyanyua siti ya nyuma, unabandua kifuniko kilichogandishwa kwa gundi nyeusi inayong'ang'ania vidole, na plagi ya tangi iko mbele yako. Nyaya nene ni za pampu, hizo usiziguse. Nyembamba ndizo za sensa. Chomoa plagi, fungua swichi bila kuwasha injini. Kwenye Toyota ya geji ya kizamani, mshale utalala. Unganisha nyaya mbili nyembamba za upande wa gari, mshale utapanda hadi ujae. Ukipanda, dashibodi na waya wote vimepona, na mgonjwa yuko ndani ya tangi. Usipopanda, usiguse tangi. Tafuta huku mbele. Kuna magari ya kampuni nyingine yanayofanya kinyume chake, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako. Na kwa magari ambayo sensa huongea na kompyuta kwanza, badala ya kuunganisha waya kwa waya weka katikati rezista ya omu mia, ya shilingi mia chache kwenye duka la vifaa vya redio, uone mshale unaitikia wapi. Gari la namna hiyo likiwa linakubali mashine ya kupimia, misimbo ya kuanzia P0460 hadi P0464 inahusu saketi hii hii. Lakini msimbo unakuambia saketi ina tatizo. Haukuambii ununue sensa.

Tukishakubaliana kwamba tangi lazima lifunguliwe, pampu ilazwe kwanza: chomoa umeme wake, washa injini mpaka izime yenyewe, ndipo ufungue bomba. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hujaa kwenye sakafu ya gari na kukungoja. Sigara mbali, balbu ya majaribio yenye waya za kubana mbali, milango yote wazi. Nimeona mafundi wakiangaza ndani ya tangi kwa kiberiti cha gesi, na bado wako hai. Sijui wataendelea hivyo hadi lini.

Kibati kikitoka, kipime kwa mita ya umeme huku ukiuzungusha mkono wa boya polepole. Hapa mita ya mshale ya kizamani ni bora kuliko ya namba, kwa sababu namba zinakimbia na jicho halishiki, wakati mshale ukifika kwenye mfereji unaruka na huwezi kukosa kuuona. Kama ni uchafu tu au weusi, futa kwa spiriti na kitambaa laini. Msasa hapana, kwa maana wino ule ni mwembamba mno na ukiukwangua umemaliza kazi. Mafundi wazuri wanavikunja vidole kidogo sana pembeni ili vipite kwenye wino ambao haujawahi kuguswa. Gari linaweza kwenda muda mrefu kwa ujanja huo.

Weusi wenyewe mara nyingi ni salfa iliyokutana na fedha. Mei 2004, katika jimbo la Florida na majimbo ya jirani huko Marekani, mamia ya vituo vilisimamisha mauzo ya petroli baada ya kubainika kwamba ina salfa iliyozidi na inaharibu sensa za tangi. Haikuzima injini wala kutoa moshi. Madereva walichoona ni mshale tu.

Kuna kesi moja inayowachanganya hata wazoefu. Niliishuhudia kwenye gereji moja Tabata, chini ya mwembe. Mzee mmoja alileta gari lake linaloendesha magurudumu yote manne. Geji inasoma karibu nusu, injini inazima. Alikuwa ameshanunua sensa ya mtumba, ameishika mkononi ndani ya mfuko wa rambo. Fundi hakuichukua. Alinyanyua siti, akafungua vifuniko viwili, kushoto na kulia, akamulika kwa tochi ya betri iliyofungwa vizuri, kisha akamwita mzee atazame mwenyewe.

Magari hayo, Subaru zikiwemo, yana shafti inayopita katikati chini, kwa hiyo tangi limekalia shafti kama shogi mgongoni mwa punda, upande huu na upande ule. Pampu iko upande mmoja. Upande wa pili una sensa yake ya pili, na mafuta yake hufyonzwa na kijipampu kisicho na umeme, kinachotumia nguvu ya mafuta yenyewe. Kwenye gari la mzee kijipampu hicho kilikuwa kimeziba. Upande wa pampu ulikuwa mkavu, upande wa pili umejaa.

"Mzee wangu, geji yako haina kosa," fundi alisema. "Mafuta yapo, ila yako chumba cha pili."

"Na hii sensa niliyonunua?"

"Hiyo kaa nayo, mzee. Siku moja utaihitaji."

Inawezekana kweli, mradi iwe ndiyo yenyewe. Sensa za mtumba hufanana kwa umbo na kutofautiana kwa omu. Toyota nyingi za baadaye zinataka omu kama 410 kwa tangi tupu na 15 kwa lililojaa. Ukifunga humo sensa ya zamani ya omu 110, itaingia, skrubu zitakaza, boya litacheza vizuri, na tangi likiwa tupu kabisa dashibodi itakuonyesha karibu robo tatu. Kwa hiyo ukienda dukani nenda na mita. Ipime sensa ile iliyotoka kwenye gari lako pale mkono unapoishia juu na pale unapoishia chini, kisha pima unayotaka kununua vivyo hivyo, juu ya kaunta, kabla fedha haijatoka mfukoni. Muuzaji akikataa isipimwe, duka la pili liko hatua chache.