Je, Wajua? Lushoto, mji wa baridi jirani na Mkomazi

Je, wajua kwamba Wajerumani waliuita mji huu wa milima ya Usambara Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm wa Pili? Uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Wajerumani walipakimbilia kukwepa joto la pwani.

Je, wajua kwamba barabara ya Lushoto huanzia Mombo, kwenye njia kuu ya kwenda Moshi na Arusha? Ni kilomita thelathini na ushei za kona na makorongo. Ukipita Soni, maporomoko ya maji yako kando ya barabara.

Je, wajua kwamba ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya na Marekani asili yake ni misitu ya Tanga, hasa ya Usambara? Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alililetea umaarufu. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi Saintpaulia, kutokana na jina la ofisa huyo.

Je, wajua kwamba masimulizi ya Washambaa, wenyeji wa Usambara, yanasema ufalme wao ulianzishwa na mwindaji mgeni? Huyo ni Mbega, aliyewaua nguruwe walioharibu mashamba na kuwagawia watu nyama, nao wakamtawaza. Habari zake zimo katika kitabu cha Kiswahili *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi.

Je, wajua kwamba milima ya Usambara inayoinywesha Lushoto ndiyo hiyohiyo inayoinyima Mkomazi mvua? Pepo za Bahari ya Hindi zikigonga Usambara hupanda, hupoa na kumwaga maji. Upande wa pili hufika zikiwa kavu. Ndiyo maana juu hustawi kabichi, karoti, peasi na plamsi, na chini, katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi inayopakana na Tsavo ya Kenya, ni nyika ya migunga, choroa na swala twiga.

Je, wajua kwamba faru weusi walitoweka Mkomazi kwa ujangili? Kuanzia 1997 waliletwa wengine kutoka Afrika Kusini, wakawekwa ndani ya uzio maalumu wenye ulinzi. Mbwamwitu nao wamezalishwa hifadhini na kuachiwa porini.

Msafiri, funga mzigo wa hali mbili: sweta nzito kwa Lushoto, hasa Juni hadi Agosti, pamoja na kofia na maji ya kutosha kwa Mkomazi.