Kamera ya Bei Nafuu kwa Mpiga Picha wa Ziwani

Tangu picha zangu zilipobandikwa ukutani katika chumba cha kusomea, wenzangu wengi wameniuliza nilitumia kamera gani, na niliipata kwa fedha ngapi. Kwa kuwa siwezi kumjibu kila mmoja peke yake, nimemwomba mhariri anipe nafasi katika kurasa hizi niwaeleze wote pamoja. Mimi si fundi wa mambo haya. Ni mwanafunzi tu aliyekosea mara moja, na kosa hilo lilinila fedha za msimu mzima wa kahawa. Yafaa mwingine asianguke palepale nilipoanguka mimi.

Kwetu ni milimani upande wa Bwera, lakini likizo nyingi huzimalizia Kahendero kwa mjomba wangu, ambaye ni mvuvi. Asiyepajua Kahendero na aelewe kwamba ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, nacho kimezungukwa na Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Huko viboko hupita usiku nyuma ya nyumba wakila majani. Makorongo husimama pwani kama wazee wa baraza, wakingoja matumbo ya samaki. Furukombe hulia juu ya miti, na mdiria mdogo hukaa juu ya unyasi akitazama maji. Basi mtu apendaye kupiga picha ana mali tele mbele yake. Kilichobaki ni kamera.

Mara ya kwanza mama alinipa shilingi laki moja na nusu katika fedha za kahawa. Nikaenda katika duka moja mjini, nikaonyeshwa kamera ndogo mpya, yenye maandishi makubwa ya dhahabu: megapikseli 48, zumu mara 16. Muuzaji akaisifu sana. Nikalipa, nikaondoka nikicheka peke yangu.

Siku ya tatu nilikuwa Kahendero. Kiboko mmoja alikuwa ametoka majini akiota jua. Nikavuta zumu hata mwisho. Kweli kiboko alikuwa mkubwa katika kioo, lakini umbo lake lilikuwa kama uji uliomwagika, halina jicho wala sikio. Nikasogea hatua kumi, kisha kumi tena, nikiifuata pwani, macho yangu yako kiooni. Sikutambua kwamba nimeingia kati yake na maji. Ghafula mjomba alinishika ukosi wa shati, akanivuta hata nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Punde kiboko akashuka kwa kishindo, akapita mahali pale niliposimama, akazama ziwani.

Mjomba hakunipigia kelele. Alisema tu, “Mpwa wangu, kiboko yule hakuwa na haja nawe. Alikuwa na haja na maji, nawe umesimama mlangoni pake.” Siku mbili hakuniruhusu kushuka pwani.

Katika siku hizo mbili nilifikiri sana, nikaona kwamba kamera isiyoona mbali humvuta mwenyewe karibu. Kwa hiyo anayetaka kupiga picha za wanyama, kabla hajauliza bei, ajiulize kwanza: nitasimama umbali gani nami niwe salama? Jibu la swali hilo ndilo litakalomchagulia kamera.

Kwanza tujue kwamba zumu ni za namna mbili. Ya kwanza ni zumu ya lenzi: vioo vya ndani husogea, na kamera huona mbali kwa kweli. Ya pili ni zumu ya kukata: kamera huchukua kipande cha katikati ya picha na kukitanua tu, kama mtu avutaye nguo iliyopungua. Haiongezi kitu ambacho lenzi haikukiona. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa na zumu hiyo ya pili peke yake. Ukiwa dukani, vuta zumu huku ukiitazama lenzi. Katika kamera ndogo za namna ile niliyonunua mimi, lenzi isipotoka wala kusogea hata kidogo, shika fedha zako vizuri.

Pili, nguvu ya lenzi hupimwa kwa milimita. Watengenezaji hutaja hesabu moja ya kulinganisha, iliyotokana na kamera za zamani za filamu ya milimita 35, na hiyo ndiyo ya kuulizia. Tuchukue mfano wa umbali wa meta 100, yaani karibu urefu wa uwanja wa mpira. Kamera ya simu, yenye kama milimita 26, huona upana wa meta 138 hivi. Kiboko wa meta tatu na nusu huonekana humo kama jiwe dogo. Lenzi ya milimita 400 huona upana wa meta tisa. Hapo kiboko hujaza zaidi ya theluthi moja ya picha. Lenzi ya milimita 1200 huona meta tatu tu, na kiboko hujaa picha nzima, wewe ukiwa umekaa mbali na njia yake.

Tatu, wingi wa megapikseli usikutie wazimu. Megapikseli 12 zatosha kuchapa picha safi ya ukubwa wa ukurasa wa daftari kubwa.

Sasa mwenye fedha kidogo achague nini? Ziko njia tatu. Mwenye kupenda milima, watu, mitumbwi na machweo, simu nzuri yamtosha, asinunue kitu. Mwenye kupenda ndege na wanyama anaweza kutafuta kamera yenye lenzi moja ndefu isiyobadilishwa. Kwa mfano, Canon PowerShot SX50 HS, iliyotolewa mwaka 2012, hufika milimita 1200, na Nikon Coolpix P900, ya mwaka 2015, hufika 2000. Ubaya wake ni kwamba kipokea mwanga chake ni kidogo, kwa hiyo jioni picha huwa na chengachenga. Njia ya tatu ni kamera ya kubadilisha lenzi. Hiyo huona vizuri zaidi katika mwanga hafifu, na hushika upesi ndege arukaye. Lakini lenzi yake ya bei nafuu, kwa mfano ile ya Canon ya milimita 55 hata 250, hulingana na milimita 400 tu, na kila ubadilishapo lenzi vumbi la pwani hupata mlango wa kuingia.

Mimi nilichagua njia ya pili. Nilingoja mwaka mzima, nikamsaidia mjomba kushona nyavu, mama akaongeza za kahawa, nikanunua SX50 iliyotumika kwa shilingi laki nne, kutoka kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa hana kazi nayo tena. Kamera iliyotumika si aibu, mradi uipime. Mulika lenzi kwa tochi utafute kuvu, maana unyevu wa ziwani huleta kuvu. Piga picha ya ukuta mweupe utazame kama kuna madoa. Nenda na kadi yako mwenyewe. Vuta zumu mara nyingi usikilize kama inakwaruza. Tazama pia kama ina tundu la kuchungulia, kwa sababu katika jua kali kioo cha nyuma hakionekani. Uliza betri ya pili itapatikana wapi, kwani umeme ukikatika utaihitaji.

Ukiisha kuipata, jua ndilo mwalimu wako. Piga kuanzia saa moja asubuhi hata saa tatu, na tena baada ya saa kumi. Adhuhuri hewa ya moto hucheza juu ya maji, na hakuna lenzi iwezayo kuituliza. Huku kwetu asubuhi jua hutoka upande wa ziwa, kwa hiyo utazame milima. Jioni liko nyuma yako, utazame maji. Lenzi ndefu hutikisika kwa pumzi tu, basi iegemeze juu ya mfuko wa mchanga au ukingo wa mtumbwi. Na kwa ndege arukaye, weka kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde au zaidi. Wavuvi nao si wanyama wa mbuga. Waombe ruhusa kwanza.

Andika pia tarehe na mahali pa kila picha. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alipiga picha za barafu ya Rwenzori, akiwa katika msafara wa Mtawala wa Abruzzi. Leo barafu hiyo imepungua mno, na picha zake ni ushahidi wa jinsi ilivyokuwa. Nani ajuaye picha zetu za Ziwa George zitashuhudia nini?

Likizo iliyopita nilimpiga picha kiboko akipiga miayo, nami nimekaa penye jiwe kubwa juu ya kilima. Mjomba aliitazama muda mrefu, akahesabu hata meno. Kisha akauliza nilisimama wapi. Nilipomwonyesha lile jiwe, alinirudishia kamera na kusema, “Sasa waweza kushuka pwani.”

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano